Je, Wajua Kwa Nini Simfonia za Waholanzi Hazisikiki?

Mwulize mpenzi wa muziki wa okestra akutajie watunzi wa Ujerumani, atataja mpaka achoke. Ufaransa na Urusi ni hivyo hivyo. Ukifika Uholanzi atasita, kisha atakupa jibu lililozoeleka: Waholanzi walijaliwa uchoraji, muziki hawakupewa. Kanisa la Kikalvini liliubana muziki, na tangu mtunzi Sweelinck afariki mwaka 1621 nchi hiyo haikuzaa mtunzi wa maana.

Jibu hilo limerudiwa mno, na kwa kipindi cha 1890 hadi 1940 si kweli hata kidogo. Bernard Zweers alimaliza simfonia yake ya tatu (simfonia ni kazi ndefu ya okestra), aliyoitolea nchi yake, mwaka 1890. Johan Wagenaar wa Utrecht aliandika utangulizi wa okestra wa "Cyrano de Bergerac" mwaka 1905, muziki mchangamfu unaokimbia kama mtu aliyevuta upanga. Cornelis Dopper, mzaliwa wa Stadskanaal kaskazini mwa nchi, aliacha simfonia saba. Julius Röntgen, Mjerumani wa Leipzig aliyehamia Amsterdam, alitunga zaidi ya 20, nyingi kati ya hizo uzeeni. Alphons Diepenbrock alikuwa msomi wa Kilatini na Kigiriki aliyejifundisha utunzi mwenyewe, na Gustav Mahler, mtunzi mashuhuri wa Austria, alimhesabu kuwa rafiki. Ongeza Jan van Gilse, Matthijs Vermeulen, Willem Pijper, Henriëtte Bosmans na Leo Smit. Hicho ni kizazi kizima, na kwa nchi ndogo kama ile ni utajiri.

Hata ukumbi walikuwa nao. Concertgebouw ya Amsterdam ilifunguliwa Aprili 1888, na okestra yake ikaundwa mwaka huo huo. Ukikaa leo katika ukumbi mkubwa na kuinua macho kwenye ukingo wa roshani, utaona majina 46 ya watunzi yameandikwa kuzunguka ukumbi. Beethoven yumo, Bach yumo, na Diepenbrock, Dopper, Röntgen, Wagenaar na Zweers wamo pia. Watu wanakaa chini ya majina hayo jioni baada ya jioni, wakisikiliza muziki wa wengine.

Wapo wanaokubali kwamba watunzi walikuwepo, lakini lawama zote wakamtwika mtu mmoja: Willem Mengelberg, kondakta mkuu, yaani mwongozaji wa wapigaji, wa okestra hiyo kuanzia 1895 hadi 1945. Kweli moyo wake ulikuwa kwa Wajerumani na Waustria. Mtunzi Mjerumani Richard Strauss alimtolea yeye na okestra yake kazi kubwa, na Mei 1920 Mengelberg alipiga kazi za Mahler katika tamasha moja la siku kadhaa, jambo ambalo hata Vienna haikuwa imelifanya. Lakini kusema aliwafungia mlango Waholanzi ni kumwonea. Dopper alikuwa kondakta msaidizi wake kuanzia 1908 hadi 1931, na kazi yake "Ciaconna gotica" ya mwaka 1920 Mengelberg aliipenda kiasi cha kuvuka nayo bahari mpaka New York. Kazi za Waholanzi zilipigwa, tena zilipigiwa makofi. Swali gumu ni kwa nini makofi hayo hayakuzaa kitu.

Hapa inabidi tuangalie simfonia inaishi vipi. Mchoro wa Rembrandt ukishakauka rangi unajitosheleza: utundike ukutani, utasubiri miaka 300. Simfonia inafanana zaidi na pilau ya shughuli. Maelezo ya mapishi unaweza kuwa nayo mfukoni, lakini hayashibishi mtu. Lazima upate wapishi, masufuria, kuni na watu wa kula, vyote siku moja mahali pamoja. Na pilau iliyoliwa mara moja, katika mtaa mmoja, haiwi desturi ya mji. Inakuwa desturi pale mpishi mwingine, wa mtaa mwingine, anapoweza kuipika bila kukutafuta wewe.

Kwenye okestra kuni hizo ni karatasi. Mtunzi huandika kitabu kimoja chenye sauti zote, ambacho hukaa mbele ya kondakta. Wapigaji hawasomi kitabu hicho. Mpiga filimbi ana karatasi zake zenye noti za filimbi tu, mpiga tarumbeta zake, na wapiga fidla husoma wawili wawili kwenye stendi moja. Okestra kubwa yenye watu zaidi ya 80 huhitaji makumi ya vitabu vidogo vya namna hiyo. Visipochapishwa, mtu ananakili kila noti kwa mkono. Anaponakili anakosea, na kila kosa hula dakika za mazoezi: kondakta anasimamisha watu, wanauliza noti hii ni ipi, wanasahihisha kwa penseli. Kondakta wa Berlin au Paris mwenye mazoezi machache kwa wiki atachagua nini, kazi iliyochapwa safi ya mtunzi anayejulikana, au furushi la mwandiko wa mkono kutoka Amsterdam?

Wajerumani walikuwa na wachapishaji wakubwa waliosambaza karatasi hizo dunia nzima. Kazi nyingi za Waholanzi zilibaki mswada. Van Gilse aliliona tatizo hili mapema. Alishiriki kuanzisha chama cha watunzi mwaka 1911, kisha mwaka 1913 shirika la kukusanya malipo ya haki zao, Buma, ambalo lipo hadi leo. Taasisi ya kunakili na kukodisha kazi zao, Donemus, ilikuja mwaka 1947. Kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Vermeulen ndiye mfano unaouma. Alikuwa pia mhakiki wa muziki magazetini, mwenye ulimi mkali. Novemba 1918, baada ya simfonia ya saba ya Dopper kumalizika, alisimama ukumbini akapaza sauti: "Aishi Sousa!" Sousa alikuwa Mmarekani wa muziki wa gwaride, kwa hiyo maana ilikuwa wazi: hiki mlichosikia ni cha kupigia kwata. Bahati mbaya, siku chache kabla mwanasiasa msoshalisti Troelstra alikuwa ametangaza mapinduzi yaliyoshindwa, na baadhi ya watu walisikia "Aishi Troelstra!" Ukumbi ukachafuka. Mwaka 1921 Vermeulen alihamia Ufaransa. Mengelberg hakupiga simfonia zake, na kwa kuwa Uholanzi ilikuwa na okestra moja tu ya hadhi hiyo, hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Simfonia yake ya pili, iliyokamilika mwaka 1920, ilikaa kabatini zaidi ya miaka 30 mpaka ilipopata tuzo katika shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels mwaka 1953. Ya tatu, ya mwaka 1922, ilipigwa 1939.

Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia, na Wanazi wa Ujerumani wakaivamia nchi. Leo Smit, Myahudi, aliuawa katika kambi ya mauaji ya Sobibor mwaka 1943. Bosmans, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alizuiwa kupiga piano hadharani. Van Gilse alikataa kujiandikisha kwenye chama cha wasanii cha Wanazi, na muziki wake ukapigwa marufuku. Wanawe wawili waliuawa kwa kupinga uvamizi, naye akafa mafichoni Septemba 1944 na kuzikwa kwa jina la uongo. Opera yake "Thijl" haikusikika yote mpaka zaidi ya miaka 30 baadaye.

Amani haikuwarudisha. Mengelberg alifungiwa kuongoza okestra kwa kushirikiana na wavamizi, na wale waliomtegemea wakapoteza mlango wao. Wanafunzi wa Pijper, aliyefariki 1947, ndio walioshika usukani, na kwao muziki wa akina Dopper ulikuwa wa kizamani. Tukiri kwamba baadhi yake unanukia Brahms na Strauss kupita kiasi. Lakini Ujerumani yenyewe ilikuwa na waigaji wengi, na kazi zao zilichapwa.

Leo simfonia za Dopper, Röntgen na van Gilse zimerekodiwa, na Vermeulen amerekodiwa zote saba. Anayetaka kuanza aanze na "Cyrano" ya Wagenaar, maana haihitaji maandalizi. Kisha "Marsyas" ya Diepenbrock ya mwaka 1910, asikilize jinsi okestra inavyometa bila kupiga kelele. Simfonia ya pili ya Vermeulen iwe ya mwisho, tena kwa sauti ya juu: ni nyimbo nyingi zinazokwenda kwa pamoja, kila moja na njia yake, na hakuna inayoipisha nyingine.