Umeapgredi kompaila, laibrari haibildi tena? Tafuta eraa ya kwanza
Kila ikitoka Ubuntu au Debian mpya (mifumo ya Linux, inakuja na kompaila mpya) simu za kitengo chetu hapa Unguja hazinyamazi, kijana wa Wete au wa Mwanakwerekwe keshaapgredi laptopu, laibrari aliyokuwa akiibildi bila tabu sasa inamwaga eraa skrini nzima, na analolisema la mwanzo ni kwamba kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, ni mbovu. Mara nyingi si mbovu. Imekuwa kali tu kwa makosa yalokuwemo mle tangu zamani.

Kabla hujagusa msimbo futa bildi ya zamani. Folda yote ya build iondoke, maana CMakeCache.txt (kumbukumbu ya CMake, chombo cha kupanga bildi) inashikilia njia ya kompaila ya mwanzo na vifaili vya .o, yaani vipande vilokwishakompailiwa, vya zamani vinachanganyika na vipya, hapo utatafuta mchawi bure. Kisha endesha make, amri ya kubildi, bila ya -j, ile inafanya kazi nyingi kwa pamoja na mistari inaingiliana hujui ipi ilotangulia. Unaitaka eraa ya kwanza, zilobaki huko chini nyingi zimezaliwa na hiyo.

Inayoleta kesi nyingi ni GCC 14 ya 2024 (GCC ndiyo hiyo kompaila). Zamani ukiita fanksheni ya C bila ya heda yake (faili linaloitangaza) ulipata woni, yaani onyo, tu, watu wanaipuuza, sasa ni eraa kamili na bildi inasimama. Wengi wanakimbilia kubandika -fpermissive ili irudi kuwa woni. Mimi siipendi hiyo, maana kompaila isipojua fanksheni inarudisha nini inaikisia kuwa ni int, yaani biti 32, na kumbe kama inarudisha pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, ambayo kwenye laptopu za siku hizi ni biti 64, nusu ya anwani inakatwa, programu inakompaili vizuri halafu inaanguka siku ile unamwonesha mteja. Weka #include inayotakiwa, basi.

Nyengine za haraka haraka. "multiple definition of" tangu GCC 10 ni variabo ilowekwa ndani ya heda bila ya extern, kila faili inajitengenezea yake. GCC 13 ikisema haiijui uint32_t kwenye C++, ongeza <cstdint>, zamani ilikuwa ikiingia kwa mgongo wa heda nyengine. GCC 15 nayo inatumia C23, toleo jipya la lugha ya C, usipoiambia vyengine, humo bool ni neno la lugha yenyewe, kwa hiyo laibrari kongwe zilizojitungia bool yao zinagoma; -std=gnu17, yaani kuirudisha kwenye C ya zamani, itakuvusha, ila angalia kwanza kama wenye laibrari washatoa toleo jipya, usije ukahangaika na kitu kisharekebishwa.

Ukikwama tuandikie, lakini jamani sio picha ya simu ya mwisho wa skrini. Andika make 2>&1 | tee bildi.txt, utuletee faili hilo pamoja na jibu la gcc --version.