Mteja akikata asilimia 5, bado hujamalizana na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya

Nairobi, wanaoacha ajira na kuanza kujitegemea, wawe wapiga picha, wachoraji wa nembo au wafasiri, huambiana hivi: "Mteja ameshanikata kodi, mimi na serikali tumemalizana." Si kweli.

Ile asilimia 5 inayokatwa kwenye ada ya kitaalamu ni kodi ya zuio. Kwa mkazi wa Kenya hayo ni malipo ya awali tu. Hesabu yenyewe hufanywa mwaka ukiisha, na ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka huo, hufailiwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Chukua mwaka wa 2024. Umeingiza shilingi 600,000, wateja wamezuia 30,000. Umetumia 150,000 kwa intaneti, pango la meza ya ofisi na nauli za kazini, na risiti unazo. Faida ni 450,000. Kwa viwango vya mwaka huo kodi ni 72,400. Toa nafuu ya binafsi, yaani punguzo la kodi la kila mkazi, ya 28,800, zinabaki 43,600. Ukiondoa zilizozuiwa, unadaiwa 13,600.

Lakini gharama zingefika 300,000, kodi baada ya nafuu ingekuwa 3,000 tu, na KRA ndiyo ingekuwa na shilingi zako 27,000. Hapo ndipo wengi hupoteza, tena kimyakimya, maana asiyefaili hawezi kuzidai.

Mteja akikukata, dai cheti cha zuio chenye PIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Na risiti usizitupe, hata ile ya bando.