"Kazi yako ni kuuliza watu mambo ya chumbani?" Dhana potofu na ukweli kuhusu watafiti wa afya ya uzazi

Nikisema kazi yangu ni kutafiti afya ya ujinsia na uzazi, mtu hufanya moja kati ya mawili: anacheka, au anashusha sauti, ananisogelea na kuanza kunieleza shida yake akitaka nimtajie dawa. Wote nawaelewa manake kazi yenyewe haifahamiki. Ila kila mara nakutana na vijana waliosoma sosholojia, anthropolojia au saikolojia, wanaitamani kweli, lakini wameshatiwa woga na maneno ya watu. Kwa hiyo naandika hapa yale ninayoyasikia sana na jinsi mambo yalivyo.

"Hiyo ni kazi ya madaktari, wewe unatafuta nini huko?"

Daktari anajua mama anayevuja damu baada ya kujifungua afanyiwe nini. Swali ambalo haliishii wodini ni kwa nini mama huyo amefika akiwa ameshapoteza damu yote hiyo. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha makala iliyoligawa jibu katika kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hebu itazame hiyo ya kwanza. Ni habari ya nani ana kauli nyumbani, nani anashika hela, mama mkwe anasemaje, na mara ya mwisho nesi alimjibuje yule mama mpaka akaapa harudi tena. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha hayo, lazima mtu akae chini aulize. Shirika la Afya Duniani (WHO) na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2020 wanawake 287,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, na vingi ya vifo hivyo vilikuwa na tiba inayojulikana miaka mingi. Ndo maana kwenye timu moja utamkuta daktari, mkunga, mtu wa takwimu, na sisi wa sayansi ya jamii.

"Mnapiga stori tu halafu mnaita sayansi"

Hii huwa inaniuma kidogo. Chukua swali moja tu la dodoso, umewahi kujamiiana au hujawahi. Kwa Kiswahili utaliulizaje? Ukisema "kujamiiana" wengine wanakukodolea macho, neno la kitabuni hilo. Ukisema "ngono" mtu anasikia unamhukumu. Ukikimbilia "tendo la ndoa" kwa sababu lina adabu, kijana ambaye hajaoa anaweza kukujibu hapana kwa moyo mweupe kabisa, si hana ndoa? Yaani neno lenye heshima zaidi ndilo linaloweza kukuharibia data bila wewe kujua, na hutaligundua mpaka ulijaribu dodoso lako kwa watu wachache, uwaombe wakueleze kwa maneno yao walichoelewa. Hapo propozo imeshapita kamati ya maadili, tafsiri imefanywa kwenda na kurudi (mmoja anatafsiri, mwingine anarudisha lugha ya kwanza kuona kama maana imebaki), wahoji wamefundishwa siku kadhaa. Na baada ya mahojiano ya kina kuna kuandika neno kwa neno, saa moja ya rekodi inakula saa nne mpaka sita za kazi, kisha unasoma kurasa mamia ukitafuta yanayojirudia na yanayopingana. Mwenye haraka hii kazi itamshinda.

"Watu wanadanganya kuhusu ngono, kwa hiyo matokeo yenu hayana maana"

Hapa naomba nikae kidogo, manake hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Ni kweli watu hawasemi kila kitu. Kule Uingereza kuna saveyi kubwa ya tabia za kingono inaitwa Natsal, na kwenye awamu ya 2010 hadi 2012 wanaume walitaja kwa wastani wapenzi 14 wa jinsia nyingine maishani mwao, wanawake 7. Kihesabu haiingii akilini, wanaume hao walikuwa na nani? Watafiti hawakuitupa data, waliifuatilia, wakakuta wanaume wachache wenye namba kubwa mno wanavuta wastani juu, wakakuta pia wanaume huelekea kukadiria zaidi ya wanawake, ambao huelekea kuhesabu mmoja mmoja, na kuna suala la mtu anaona nini ni aibu na nini ni sifa. Walipoyazingatia hayo yote pengo likapungua sana, halikuisha.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni utafiti wa VOICE, uliofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kuanzia 2009. Wanawake 5,029, wanapewa vidonge au jeli ili kuona kama vitawakinga na VVU. Ukiwauliza, dawa inatumika kwa kama asilimia 90, hata vidonge vinavyorudishwa kliniki vikihesabiwa vinasema karibu hivyo hivyo. Damu ikaja kupimwa: kwenye sampuli nyingi hamna dawa, ilionekana kwenye chini ya theluthi moja. Utafiti ukaisha bila kuonyesha kinga, wakati vidonge vya aina hiyo hiyo viliwakinga watu vizuri kwenye utafiti mwingine wa wapenzi huko Kenya na Uganda.

Mtu wa haraka angesema wanawake wale waongo, faili lifungwe. Wanasayansi ya jamii wakarudi kwa baadhi yao, wakawaonyesha majibu ya damu zao, wakakaa kuwasikiliza bila kuwagombeza. Yakatoka sasa, kwa maneno yao: Kidonge kile ni ARV, akikiona mwenzangu atasema nina virusi. Mimi mzima, kwa nini ninywe dawa za wagonjwa? Tulivyokaa kwenye foleni nilisikia inadhuru. Na nikisema sinywi si mtanitoa kwenye utafiti. Kwangu mimi majibu hayo yana habari nyingi kuliko ile asilimia 90. Yalisaidia kueleza kwa nini dawa nzuri ilishindwa kwenye maisha ya watu, na yakaongeza nguvu kwenye juhudi za kutafuta pete za kuvaa ukeni na sindano za kinga, kitu ambacho mwanamke halazimiki kukificha uvunguni kila siku.

Kwa hiyo sisi hatuamini kila tunachoambiwa, tunajenga mazingira ambayo kusema kweli hakumgharimu mtu. Wakati mwingine ni kumpa tableti na hedifoni ajibu mwenyewe bila kutazamana na mtu. Wakati mwingine ni ulinzi wa kweli kweli. WHO walipofanya utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake kwenye nchi 10, Tanzania ikiwemo, ripoti ikatoka 2005, waliuita kwa nje utafiti wa afya na maisha ya wanawake, na nyumba moja alihojiwa mwanamke mmoja tu, ili mume asijue kinachoulizwa. Mhoji alifundishwa kwamba mtu akiingia ghafla ageuze mazungumzo papo hapo, aanze kuuliza mambo ya kawaida ya afya. Kugeuza hivyo bila uso wako kubadilika ni ujuzi, na unafanyiwa mazoezi.

"Mkiwauliza vijana mnawafundisha uasherati"

Woga huu wa wazazi nauheshimu, ila ushahidi hauko upande wake. Mapitio ya UNESCO, yakiwemo ya mwongozo wao wa 2018, yameonyesha elimu ya ujinsia haiwafanyi vijana kuanza ngono mapema. Na anayedhani mwanawe hajasikia chochote mpaka mtafiti alipokuja, simu ya mtoto huyo anaifahamu?

"Ni ajenda ya kupunguza watu"

Hii haikutoka hewani, na sipendi watafiti wanaoipuuza. India kati ya 1975 na 1977 mamilioni walifungwa uzazi, wengi kwa kulazimishwa. Watu wana sababu ya kuuliza. Ndo maana mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Cairo 1994, nchi 179 zilipokubaliana, ulikuwa muhimu sana: kutoka kuhesabu vichwa kwenda kwenye haki ya mtu kuamua mwenyewe kama anazaa, lini, na wangapi. Haki hiyo ina pande mbili. Kwa makadirio ya WHO ya 2023, kama mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na ugumba maishani, na wapo wenzetu ambao kazi yao yote ni hao, wanaotaka mtoto na hawapati. Halafu mwanamke akikuambia ameacha sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu hedhi imevurugika, usimwambie hayo ni maudhi madogo madogo. Kwake ni madogo? Andika alivyosema.

"Anayechagua kutafiti hayo ana walakini wake"

Natsal yenyewe mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kuitolea hela, ikaokolewa na Wellcome Trust, mfuko wa hisani unaogharamia utafiti wa afya, na karibu watu 19,000 wakahojiwa. Aibu ilikuwa ya wakubwa, wananchi walikaa wakajibu. Hata sisi, familia zinazoea.

"Hakuna ajira" nayo nijibu kwa ukweli, manake nusu yake ni sahihi. Wengi huanza kama wakusanya data wa siku, wanapanda kuwa wasimamizi, shahada ya pili, labda ya udaktari wa falsafa, halafu ni vyuo, taasisi za utafiti, mashirika na wizara. Mikataba inafuata mradi, mradi ukiisha na wewe umeisha. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, programu ya DHS, saveyi za idadi ya watu na afya kwenye nchi nyingi, iliyoanza 1984, ilisimamishwa ghafla na watu wenye uzoefu wa miaka mingi wakabaki nyumbani. Jifunze takwimu pamoja na mahojiano, itakusaidia kuhama.

Na kingine ambacho hakuna aliyeniambia nikianza: watu husema mazito zaidi ukishazima rekoda. Umeshafunga daftari, umeshashukuru, unavaa viatu mlangoni, ndo anasema "ile mimba niliyokuambia iliharibika, haikuharibika yenyewe". Hapo unavua viatu unakaa tena. Unamsikiliza, na kama anahitaji huduma unampa rufaa, manake wewe si mganga wake. Mwisho unamuuliza, hili nalo naruhusiwa kuliandika? Akisema hapana, haliandikwi, hata kama ndilo lililokuwa linakosekana kwenye utafiti wako wote.