Akili za mtoto na mfuko wa mzazi

Dhana: Akili ni za kuzaliwa, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Utayasikia haya kila matokeo ya mitihani yanapotoka na shule za vijijini zikajikuta mkiani. Kurithi kupo, sikatai. Lakini tazama Embu, Kenya. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wa kijijini huko kwa kipimo cha Raven, kile cha kutafuta kipande kinachokosekana kwenye mchoro. Hakihitaji kujua kusoma. Mwaka 1998 wakawapima wengine wa umri uleule, katika eneo lilelile. Alama zilikuwa zimepanda sana. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Kilichobadilika ni nyumbani kwao: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa ndogo zaidi na watoto walikula vizuri zaidi.

Ufaransa nako walifuatiliwa watoto walioasiliwa wakiwa na miaka 4 hadi 6, wote wakiwa na alama chini ya 86 kwenye kipimo cha akili (IQ, ambacho wastani wake ni 100) kabla ya hapo. Walipofika ujana, waliolelewa na familia za hali ya chini walikuwa wamepanda kwa wastani wa alama 8 hivi. Waliolelewa na familia za hali ya juu, zaidi ya 19. Watoto wa aina moja, paa tofauti.

Dhana: Kumbe ni pesa tu.

Hapana. Pesa hupitia mahali: kwenye sahani, kwenye chumvi yenye madini joto ya mama mjamzito, kwenye muda wa mzazi kuongea na mwanawe. Na baadhi ya njia hizo si ghali. Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya waliwatembelea kila wiki kwa miaka miwili akina mama wenye watoto waliodumaa, wakiwaonyesha namna ya kucheza na kuzungumza nao kwa vitu vya kuchezea vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Dhana: Wa kitajiri humshinda wa kimaskini.

Kwa wastani tu. Hata ndugu wa tumbo moja hupishana.

Dhana: Alama chache, akili chache.

Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, vijana wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa kuhusu dawa za mitishamba. Waliozijua zaidi ndio walioelekea kupata alama ndogo kwenye majaribio ya msamiati wa shuleni. Maelezo ya watafiti yananiridhisha: si kila familia iliona shule itawafikisha watoto wao popote, na aliyetarajiwa kubaki kijijini alifundishwa yale ya kumfaa pale, jani lipi linatibu tumbo na lipi malaria.