Dhana ya Idadi: Mtoto Anahesabu Hadi Ishirini, Lakini Je, Anajua Tatu ni Ngapi?

Mtoto wa miaka mitatu akitiririka "moja, mbili, tatu" mpaka ishirini bila kukwama, watu wazima humpigia makofi na kusema huyu tayari anajua kuhesabu. Sasa mwekee rundo la vifuniko vya chupa na umwambie, "Nipe vitatu." Usishangae akichota kiganja kizima, akakukabidhi, kisha akakaa kusubiri makofi mengine. Wala hafanyi utundu. Maneno anayo, tena kwa mpangilio wake, kama anavyojua beti za wimbo. Kinachokosekana ni dhana ya idadi: kujua kwamba "tatu" ni jina la kiasi fulani cha vitu, kiasi kilekile iwe ni vifuniko, vijiti, au makofi aliyopigiwa.

Wanasaikolojia Rochel Gelman na Charles Gallistel, mwaka 1978, walichambua kuhesabu kwa mtoto na kupata kanuni tano. Tatu kati yake ndizo zenye kazi kubwa kwa mwalimu wa chekechea. Ya kwanza, kila kitu kipewe neno moja, na neno moja tu. Ya pili, maneno yafuate mpangilio uleule kila mara. Ya tatu ndiyo kiini cha makala haya: neno la mwisho unalotamka ndilo linalotaja jumla ya vitu vyote ulivyohesabu. Mbili zilizobaki zinasema kwamba unaweza kuhesabu kitu chochote, na kwamba ukianzia kulia au kushoto jumla haibadiliki.

Mtu mzima haoni ugumu wowote kwenye hiyo kanuni ya tatu. Kwa mtoto ni mlima. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo yeyote aliyekaa na watoto wadogo ameyasikia:

"Haya, hesabu vifuniko."

"Moja, mbili, tatu, nne."

"Vizuri. Kwa hiyo viko vingapi?"

"Moja, mbili, tatu, nne."

"Ndiyo, lakini vyote viko vingapi?"

"Moja, mbili, tatu, nne!" Safari hii kwa sauti ya juu, maana anaona wewe ndiye huelewi.

Kwake yeye, swali la "vingapi" ni amri ya kuanza kuhesabu. Hajajua kwamba ile "nne" ya mwisho ina kazi mbili: ni lebo ya kifuniko cha mwisho, na papo hapo ni jibu la kundi zima.

Njia ya kufika hapo ni ya hatua, na si fupi. Karen Wynn, katika tafiti zake za mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwaomba watoto wampe idadi fulani ya vitu, kama tulivyofanya na vifuniko hapo juu. Ikaonekana kwamba mtoto huielewa moja kwanza: ukimwomba kimoja anakupa kimoja, ukimwomba zaidi ya hapo anachota tu. Miezi kadhaa baadaye anaipata mbili, kisha tatu. Baada ya hapo mambo hufunguka. Anagundua kwamba kuhesabu kwenyewe ndiko kunakotoa jibu, na sasa anaweza kukupa tano au sita kwa kuzihesabu moja moja. Wengi hufika hapo wakiwa na miaka mitatu na nusu hadi minne hivi, ingawa watoto hupishana sana. Ndiyo maana naona ni kupoteza muda kumsukuma mtoto afike hamsini kwa mdomo wakati mikono yake bado haijaifahamu tatu.

Kwa nini basi mikono? Kwa sababu kosa la kuhesabu ni la mwili kabla halijawa la akili. Mwangalie mtoto kwa karibu akihesabu vitu saba vilivyotawanyika: kidole kinakimbia kuliko mdomo, kinaruka kimoja, kinarudi kwenye kingine kilichokwisha hesabiwa, na lile neno "saba" analigawa mara mbili, "sa" kwa kifuniko hiki na "ba" kwa kile. Picha ya matofaa saba kwenye karatasi haimsaidii, kwani haisogei. Vifuniko halisi vinasogea. Mfundishe kukitoa kila kimoja upande huu na kukiweka upande ule anapokitamkia neno, na nusu ya matatizo huisha. Kilichohesabiwa kiko kule, kisichohesabiwa kiko hapa.

Mwishoni mwa zoezi, zungusha kidole chako kulizunguka kundi lote na useme, "Vinne. Vyote ni vinne." Ishara hiyo ya mviringo inafanya kazi ambayo maelezo marefu hayaiwezi, maana inamwonyesha macho kwa macho kwamba neno la mwisho limehama kutoka kitu kimoja kwenda kwa kundi.

Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna jambo letu la kuangalia hapa. Mtoto anakariri "mbili, tatu, nne", kisha anasikia vifuniko viwili, mawe matatu, watoto wanne. Moja hadi tano, pamoja na nane, hubadilika kufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtoto hujifunza hayo kwa kusikia, hahitaji somo la sarufi. Ila mwalimu aseme vyote viwili kwa pamoja mara kwa mara: "Moja, mbili, tatu. Vifuniko vitatu." Mazoea hayo yanafunga wimbo na kundi kwa pumzi moja.

Michezo iko mingi, nami sitaiorodhesha yote. Ule ninaouthamini kuliko mingine unatokana na kisanduku cha vijiti cha Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907. Kisanduku chenyewe kina vyumba vilivyoandikwa 0 hadi 9, na vijiti 45 vilivyo huru. Mtoto anasoma tarakimu, anahesabu vijiti vya kutosha mkononi, anavifunga pamoja na kuviweka kwenye chumba chake. Uzuri wake uko kwenye hesabu iliyofichwa: jumla ya 0 hadi 9 ni 45 kamili. Akiweka vijiti vitano kwenye chumba cha 4, atakapofika 9 vitapungua. Hakuna haja ya mtu mzima kusema "umekosea". Vijiti vyenyewe vimesema. Na chumba cha 0 kinabaki kitupu, kwa hiyo sifuri anaiona kwa macho badala ya kuelezwa.

Huhitaji kununua kitu. Makopo sita yaliyoandikwa 0 hadi 5 na vijiti 15 yanatosha kabisa kwa mtoto anayeanza. Hakikisha tu vijiti ni 15 barabara, la sivyo mchezo unamdanganya. Na kwa wadogo zaidi ambao bado wanaonja kila kitu, tumia vitu vikubwa visivyoweza kupita kooni.

Mchezo wa pili ni wa kete na njia iliyonyooka yenye miraba 1 hadi 10. Robert Siegler na Geetha Ramani, mwaka 2008, waliwachezesha watoto wa chekechea kutoka familia zenye kipato kidogo mchezo wa namna hiyo kwa jumla ya saa moja hivi, katika vipindi vifupi, na uelewa wao wa namba ukapanda; wenzao waliocheza kwenye miraba ya rangi bila namba hawakupata faida hiyo. Kuna siri ndogo ya kucheza. Mtoto akiwa kwenye mraba wa 4 na kete ikitoa mbili, asitamke "moja, mbili" anaposogea. Atamke "tano, sita", majina ya miraba anayoikanyaga. Hapo ndipo anapoona kwamba namba kubwa iko mbali zaidi, imechukua hatua nyingi zaidi na muda mrefu zaidi kufikiwa.

Kete zina faida nyingine. Jicho la binadamu hutambua kitu kimoja, viwili au vitatu papo hapo bila kuhesabu. Nukta za kete, au vidole vilivyoinuliwa kwa sekunde moja kisha vikafichwa, humzoesha mtoto kuiona tatu kama umbo zima. Badilisha mpangilio lakini: nukta tatu mstarini, nukta tatu pembeni pembeni, vidole vitatu vya mwanzo, vidole vitatu vya mwisho. Usipobadilisha, atajifunza picha moja tu na kuiita tatu.

Tarakimu ya kuandika, ile alama 3 yenyewe, ije mwisho. Mtoto anayeweza kuichora vizuri hajathibitisha chochote kuhusu kiasi. Amethibitisha kwamba mkono wake unaweza kufuata mstari. Mkabidhi kadi yenye alama hiyo pale anapokwisha kukupa vitatu bila kusita, na kadi itakuwa na kitu cha kushika.

Jihadhari pia na kuamini kwamba akishaweza kukupa vitano basi kazi imeisha. Panga mistari miwili ya vifuniko vitano vitano, sambamba, naye atakubali kwamba ni sawa. Tandaza mstari mmoja uwe mrefu mbele ya macho yake, kisha uliza wapi kuna vingi. Watoto wengi wa miaka minne huuonyesha ule mrefu. Jean Piaget ndiye aliyelipa jaribio hili umaarufu, na wanasaikolojia wamebishana kwa miongo kuhusu maana yake, lakini kwa mlezi matumizi yake ni rahisi: mwache mtoto avikusanye tena, avilinganishe kimoja kwa kimoja, ajionee. Usimpe jibu.

Akishayamudu hayo, mjaribu kwa kopo. Dondosha vifuniko vinne ndani, kimoja kimoja, mkihesabu pamoja. Funika. Inua kifuniko kingine, mwonyeshe, kidondoshe. "Sasa ndani mna vingapi?" Atakayejibu "vitano" bila kufunua ameanza kuelewa kwamba neno linalofuata kwenye wimbo ni kile kiasi cha kwanza ukiongeza kimoja, na hapo kujumlisha kunaweza kuanza. Atakayetaka kufunua ahesabu upya kuanzia moja, mwache afunue.