Utabiri wa muoni si hesabu tupu

Mwaka 2021 maabara ya fizikia ya Fermilab, Marekani, ilipotangaza kwamba usumaku wa muoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) haulingani na utabiri wa nadharia, wengi walishangilia fizikia mpya. Walichukulia kwamba upande wa nadharia ni hesabu za karatasini tu. Sivyo.

Muoni huzungukwa na chembe zinazoibuka na kutoweka na kubadili kidogo usumaku wake, zikiwemo hadroni (chembe zilizoundwa na kwaki), na nguvu kali inayofunga kwaki haikokotoleki kirahisi katika nishati ndogo. Kwa hiyo wanafizikia walikuwa wakiazima vipimo: hugonganisha elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya), kisha huhesabu ni mara ngapi huzaliwa hadroni katika kila kiwango cha nishati. Jozi ya pioni, hadroni nyepesi kuliko zote, peke yake hubeba karibu robo tatu ya mchango huo wa hadroni, na kuikosea kwa asilimia moja tu kunazidi shaka yote iliyotajwa kwenye utabiri wa wakati ule.

Tatizo (ambalo vichwa vya habari vililiruka) ni kwamba vipimo hivyo vyenyewe vinapingana. Majaribio ya BaBar ya Marekani na KLOE ya Italia hayakuafikiana. Mwaka 2023 jaribio la CMD-3 la Novosibirsk, Urusi, likapata kiwango kikubwa zaidi cha jozi za pioni, na pengo kati ya nadharia na kipimo cha Fermilab likakaribia kufutika. Utabiri wa 2025 uliegemea ukokotoaji wa nguvu kali kwa kompyuta kubwa badala ya vipimo hivyo, na ukalingana na kipimo cha Fermilab.