Roboti la bwawa haliui vijidudu

Mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo anaweza kuamini kwamba akinunua roboti la kusafisha bwawa, klorini (dawa ya kuua vijidudu majini) na pampu anaweza kuzipunguza au kuziacha. Dhana hiyo inaeleweka: roboti likishapita, sakafu inang'aa.

Linachofanya ni kusugua sakafu na kuta, kisha kunasa uchafu kwenye chujio lake lenyewe. Mchanga wa ufukweni na vijiti vya mivinje linavimudu vizuri, mradi uliwekee chujio laini. Lile la matundu makubwa hurudisha mchanga mwembamba majini. Bakteria hawanaswi. Mwani uliokwisha kuota unaweza kung'olewa, lakini ukatapakaa na kuota tena.

Kuthibitisha ni rahisi. Pima maji kwa vijikaratasi vya kupimia kabla na baada ya roboti kufanya kazi. Klorini haitapanda. Inatakiwa ibaki miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, 7.2 hadi 7.8. Pampu nayo iendelee kuzungusha maji, la sivyo dawa haisambai.

Je, linafaa kununuliwa? Kwa bwawa kubwa karibu na bahari, naona ndiyo, maana linaokoa saa nyingi za kazi. Kwa kibwawa cha uani, brashi na wavu vinatosha. Ukinunua, suuza chujio kila baada ya matumizi, na ukimwaga klorini nyingi kwa mkupuo, litoe kwanza. Klorini kali hula mpira na plastiki zake.